Daftari la Mdogo Wangu

Kuna jamaa kaniuliza juzi kama dawa za kifafa zinasaidia kweli au ni watu kupotezewa muda tu. Nimeona nimjibu kwa yaliyotokea nyumbani kwetu.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa darasa la nne, kijijini Kaengesa. Bibi akasema karogwa. Na sisi tunatoka Sumbawanga, jina ambalo watu hulitafsiri kuwa "tupa uchawi", nani angembishia? Mwaka mzima ni waganga tu. Mbuzi wawili wakaenda, dogo bado anaanguka. Shuleni wenzake walikuwa wanakimbia lile povu wakidhani litawaambukiza. (Haliambukizi jamani, ni mate tu.)

Mwisho mama akampeleka zahanati. Akapewa fenobabitoni, ameze kila usiku. Mhudumu akasisitiza kitu kimoja: andikeni. Kila akianguka, andikeni tarehe, saa, na imechukua muda gani, la sivyo mtakuwa mnakisia tu. Nikapewa kazi hiyo mimi, kwenye daftari la hesabu. Mwezi wa mwisho kabla ya dawa nilikuwa nimehesabu mara tisa. Mwezi wa kwanza wa dawa, nne. Wa pili, moja. Halafu miezi mitatu kurasa nyeupe kabisa.

Dawa yenyewe si ngeni. Ilianza kutumika kwa kifafa Ujerumani mwaka 1912, na kule Mahenge, Morogoro, Dkt. Louise Jilek-Aall aliitumia kwenye kliniki ya kifafa aliyoianzisha karibu na mwaka 1960, kwa watu ambao wengine walikuwa wametengwa hadi na ndugu zao. Ni ya bei rahisi, na inasinzisha kidogo. Dogo alikuwa akilala darasani, tukadhani inamharibu akili.

Hapo ndipo nilipokosea. Mimi ndiye niliyesema kapona, daftari si hili hapa? Tukaacha vidonge ghafla. Hatukumuuliza mtu.

Siku ya tano, mwezi wa sita, ile baridi ya Ufipa mnayoijua, tumeuzunguka moto jikoni. Akaanguka mkono ukiwa ndani ya makaa. Usiku huohuo akaanguka tena, na tena, bila kuzinduka katikati. Tulifika hospitali alfajiri kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, nikijua ni nani aliyefanya hivi.

Baadaye daktari akanieleza kwamba fenobabitoni haikatishwi ghafla hata siku moja. Hupunguzwa kidogo kidogo, tena kwa ushauri wao, baada ya miaka bila kuanguka. Kurasa nyeupe zilimaanisha dawa inafanya kazi. Mimi nilizisoma kwamba haihitajiki.

Sasa ni mtu mzima, analima mahindi na maharage, vidole viwili havikunjiki. Bibi mpaka leo anadai ni wale mbuzi. Ila ikifika saa mbili usiku, ni yeye anayepaza sauti kutoka chumbani: "We mjukuu wangu, umemeza?"