Mtoto Aliyesimama Juu ya Kreti za Soda

Siku hizi katika senta nyingi za biashara, hata zilizo mbali na lami, mtaikuta meza kubwa yenye kitambaa cha kijani na mashimo sita, na vijana wanaizunguka na fimbo mikononi. Ndiyo meza ya puli. Najua wazazi wengi hamtaki hata kuiona meza hiyo, wala siwalaumu. Lakini leo nataka kuwapa habari za mtu mmoja aliyelelewa kando ya meza ya namna hiyo, maana sisi tunaoupenda mchezo huo tukikutana hatuchoki kumtaja.

Jina lake ni Efren Reyes, mtu wa Visiwa vya Ufilipino. Wenzake humwita "Bata." Msicheke! Katika lugha ya kwao neno hilo maana yake ni mtoto, wala si yule ndege tunayemfuga sisi. Alipewa jina hilo kwa sababu pale alipokuwa akicheza palikuwa na Efren mwingine aliyemzidi umri, basi ikabidi watofautishwe.

Alizaliwa mwaka 1954 katika jimbo la Pampanga. Alipokuwa na miaka mitano hivi alipelekwa mji wa Manila, akae na ndugu mmoja wa ukoo aliyekuwa na nyumba ya mchezo wa puli. Huko alifanya kazi ya kufagia na kusafisha. Usiku, wachezaji wakiisha kwenda zao, meza ndiyo ilikuwa kitanda chake. Mchana aliwatazama wakubwa wakicheza, na macho yake yakashika kila kitu. Hata alipoanza kushika fimbo mwenyewe, kimo chake hakikutosha. Basi akapanga kreti za Coca-Cola, akasimama juu yake. Akiisha kupiga pigo moja, hushuka, akazisukuma kreti mpaka upande wa pili, akapanda tena.

Habari hii ya kreti ndiyo wapenzi wake wanayoikumbuka kuliko vikombe vyote alivyoshinda. Wengi huisimulia kwa kicheko. Mimi hucheka kidogo tu. Mtoto mdogo kulala juu ya meza ya mchezo, katika nyumba ambayo watu wazima wanawekeana fedha! Tena husimuliwa kwamba hakuwa ametimiza miaka kumi alipoanza kucheza kwa fedha yeye mwenyewe. Mkiniuliza kama ningempeleka mwanangu akalelewe hivyo, nitajibu hapana, bila kufikiri mara mbili. Lakini nikimtazama anavyocheza, naona wazi kwamba ufundi ule aliupata palepale. Mambo hayo mawili yamo moyoni mwangu pamoja, na sijaweza kuyapatanisha.

Sasa ngoja niwaeleze ufundi wenyewe, maana asiyeucheza mchezo huu hudhani ni kugongagonga mipira tu. Siku zile Wafilipino walipenda mchezo wa mipira 15 yenye namba. Sheria yake ni hii: mpira mweupe sharti uguse kwanza mpira wenye namba ndogo kuliko yote iliyobaki mezani. Kila mpira una thamani ya namba yake, jumla yote ni 120, na mwenye kufikia 61 ameshinda. Fikirini basi: meza imejaa, na mpira namba moja umejificha nyuma ya wenzake. Utaufikiaje? Huna njia ila kuupiga mweupe ukingoni, ili urudi kwa kuzunguka. Efren alijifunza pia mchezo mwingine wa meza isiyo na mashimo kabisa, ambapo mpira wako sharti uguse kingo mara tatu kabla ya kuugonga mpira wa pili. Mtu aliyefanya hayo tangu utoto huzisoma kingo za meza kama mkulima anavyoyasoma mawingu.

Karibu na kwao palikuwa na kambi kubwa ya ndege za kivita za Wamarekani, iliyoitwa Clark, nayo ilidumu mpaka mwaka 1991. Sifa za Efren zikavuka bahari kabla yake mwenyewe. Kwa hiyo mwaka 1985, alipokwenda Houston, Texas, kushindana katika mchezo wa mipira tisa, aliandikishwa kwa jina la Cesar Morales. Wamarekani wakamwona mgeni mwembamba asiyejulikana. Akawashinda wote, akachukua shindano.

Wapenzi wake huifurahia hadithi hii kama tunavyozifurahia hadithi za sungura. Mimi hapo nabishana nao kila mara. Kushinda alishinda kwa haki, maana jina haliingizi mpira shimoni. Lakini mtu anayeweka fedha yake mezani anastahili kujua anacheza na nani. Wao hunijibu kwamba bila hila hiyo wengine wangekataa kucheza naye, na yeye alikuwa ametoka mbali na alikuwa maskini. Haya, ni jibu, lakini halinitoshi.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 1994 alikuwa mgeni wa kwanza kuwanyang'anya Wamarekani shindano lao kuu la mipira tisa. Mwaka 1996, huko Hong Kong, alicheza siku tatu na Mmarekani Earl Strickland, akamshinda kwa michezo 120 dhidi ya 117, akapata dola 100,000. Mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia mjini Cardiff, huko Wales.

Ila pigo ninalolipenda mimi ni la mwaka 1995, mjini Reno, dhidi ya Strickland huyohuyo. Kijana mmoja wa senta yetu alinionyesha kwenye simu yake, na tangu siku hiyo nimelitazama mara nyingi. Mpira uliotakiwa ulikuwa umefichwa. Efren akainama, akapiga. Ule mweupe ukaenda ukingoni, ukakatiza meza mpaka ukingo wa pili, ukarudi kwa mfano wa herufi Z, ukaugonga mpira uliofichwa na kuutumbukiza. Watu wakapiga kelele. Wamarekani husema ni mazingaombwe, na ndiyo sababu wakampa jina la mtu wa mazingaombwe. Mimi niliona kreti za soda zikisukumwa huku na huku na mtoto wa kufagia.

Sasa amepita miaka 70. Pigo likimkosa hutabasamu na kujikuna kichwa, na Wafilipino bado wanamwita Bata.