Barua kwa Hamadi, juu ya lile koti

Ngamiani, Tanga

Mpwa wangu Hamadi,

Mguu wa mama yako umepungua uvimbe na ameanza tena kwenda sokoni peke yake, ingawa namkataza. Juzi aliingia kwangu na simu mkononi, hata kukaa hakukaa, akasema, "Kaka, mtazame mwanao anavyozifanya pesa huko Uingereza." Nikatazama. Koti fupi la sufu, kaki iliyopauka, nawe umelivaa, umesimama barabarani unacheka.

Nimemtuliza. Mapenzi ya makoti kama hayo nayajua; yalinishika mimi miaka yote niliyoshona nguo huko Leeds. Lakini kuna mambo lazima nikwambie, na najua utamsomea mama yako, basi na yeye asikie.

Umeandika kwamba muuzaji alikuapia koti limetoka Dunkirk. Mwanangu, kule kuwaokoa askari Dunkirk kulikwisha tarehe 4 Juni 1940. Tazama vifungo vyako: vyote viko nje, na mifuko ya kifuani haina mikunjo. Batoldresi, maana ndilo jina la makoti haya, zile za mwanzo zilifichwa vifungo chini ya ukanda wa kitambaa, na mifuko yake ilikuwa na mkunjo katikati. Vita viliporefuka wakaanza kubana kitambaa na kazi ya fundi, na mtindo huo wako ukaanza kutolewa 1942. Koti lako ni la vita kweli, si bandia, ila Dunkirk halikufika. Ukikutana na lenye ukosi uliolala wazi ili tai ionekane, ule mtindo wa 1949, ujue hilo lilizaliwa vita vimeshakwisha.

Shangazi zako wa mitumba hawamsikilizi mtu. Huigeuza nguo ndani nje kwanza. Nawe fanya hivyo. Tafuta lebo: saizi, urefu wa mtu, kifua, jina la kiwanda, mwaka. Kiwanda cha Burton cha pale Leeds kilishona sare nyingi mno, jina hilo utaliona. Tafuta na mshale mfano wa unyayo wa kuku, alama ya mali ya serikali. Ukiona miwili imeelekeana ncha kwa ncha, nguo ilitolewa jeshini ikauzwa. Lebo iliyokatwa, uliza kwa nini imekatwa.

Kisha taji kwenye vifungo. Tangu 1901 mpaka alipotawazwa Elizabeth mwaka 1953, taji limeumuka juu kama andazi. La Elizabeth limebonyea katikati. La Charles limerudi kuumuka, kwa hiyo kifungo kipya cha leo kinaweza kukupoteza. Kigeuze, usome jina la mtengenezaji mgongoni. Na ukibahatika kushika lile koti jekundu la walinzi wa mfalme, hesabu vifungo vya kifuani: kimoja kimoja ni Grenadier, viwili viwili Coldstream, vitatu vitatu Waskoti, vinne vinne Waairishi, vitano vitano Wawelshi.

Haya sikuyapata bure. Mwaka 1987, katika soko la Jumapili, niliona koti lenye herufi za keya, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika Mashariki, begani na kichwa cha kifaru, alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile aliyokwenda nayo babu yako Burma mwaka 1944. Nililipa mshahara wa wiki mbili, sikupunguziwa hata senti. Kesho yake nikalipeleka kazini. Mzee mmoja tuliyeshona naye alitia ncha ya mkasi chini ya kifaru, akafumua mishono mitatu tu, akanionyesha. Kitambaa chini ya beji kilikuwa kimepauka sawasawa na cha pembeni. Beji ikikaa miaka, jua haliingii chini yake, hapo hubaki rangi ya siku ya kwanza. Akazima taa, akamulika kwa ile taa ya zambarau ya kukagulia noti, uzi ukawaka. Uzi wa pamba wa zamani hauwaki hivyo, isipokuwa nguo iwe imefuliwa kwa sabuni za siku hizi. Kilichoniuma si pesa. Usiku ule nilikuwa nimelinusa lile koti, nikitafuta harufu ya baba.

Nguo zake za kweli hazikufika makumbusho yoyote. Marehemu bibi yako aliikata kaki yake, akanishonea kaptula ya shule, na kilichobaki kikawa tambara la sufuria. Nguo ya keya kwetu ilivaliwa mpaka ikaisha. Basi yeyote atakayekuuzia ya keya, mtilie shaka.

La kuvaa sasa, na hapa sijadiliani nawe. Uingereza ina sheria tangu 1894 inayomkataza asiye askari kuvaa sare ya jeshi bila ruhusa, ukiacha waigizaji. Huenda hakuna atakayekusumbua kwa koti kuukuu, lakini wewe unaishi huko kwa viza. Livue. Wala usilitie kwenye sanduku ukija likizo. Huku jeshi halitaki raia avae kinachofanana na sare, na pale uwanja wa ndege hutapewa nafasi ya kusimulia habari za 1942.

Usilifue, sufu itajikunja. Liangalie nondo kwenye mishono ya kwapa. Ukiwaona, lifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni, ulilaze ndani ya friza wiki mbili. Vifungo usivisugue kwa dawa ya shaba, hutia doa kitambaani.

Ndani ya bahasha nimekufungia kifungo cha kaptula ile. Bibi yako alikitoa kwenye kaki ya babu yako akakishona kiunoni kwangu, nami nimekaa nacho mpaka leo. Mgongoni kina herufi ndogo zilizozunguka, macho yangu hayazipati tena. Zisome, uniandikie.

Mjomba wako akupendaye