Pikapu Inayoinamisha Kichwa

Siku hizi pikapu si kitu cha ajabu vijijini. Mwenye shamba la viazi, mwenye duka, mpasua mbao, wote huitafuta. Na mtu akiisha kuipata, hutafuta na tela la kuchukua mizigo isiyoenea ndani ya bodi. Mimi ni mmoja wao. Ninayo Hilux ya zamani, na huku kwetu upande wa Njombe yabeba viazi na mbao, mara nyingi ikikokota tela nyuma yake. Leo nataka kusema juu ya jambo lililozusha maneno mengi nyumbani kwangu, nalo ni ule mtindo wa kuinua pikapu upande wa mbele ili isimame sawa. Laonekana jambo dogo, lakini laweza kuleta msiba barabarani.

Tazama pikapu yo yote isiyo na mzigo, imesimama mahali tambarare. Utaona nyuma iko juu kuliko mbele. Mpwa wangu, ambaye amekaa mjini miaka kadhaa, aliniambia, "Mjomba, gari lako limeinama kama mbuzi anywaye maji. Twende gereji waliinue mbele, lipendeze kama ya wenzetu." Sikatai, gari lililosimama sawa lapendeza macho. Tena alikuwa na sababu nyingine ya haki: wakati wa mvua magurudumu ya malori huchimba makorongo katika njia yetu, na bamba lililo chini ya injini hukwaruza matope. Kuinua mbele kidogo kungefaa.

Lakini kwanza tuulize: je, waliolitengeneza gari walikosea vipimo? La, hasha. Pikapu imeundwa kubeba. Nyuma ina springi za vyuma bapa, kimoja juu ya kingine, vilivyopindwa kama upinde. Mzigo ukipakiwa, vyuma vile hunyooka, mkia hushuka, na gari hukaa sawa. Basi ule urefu wa nyuma ni akiba. Mtu akiinua mbele mpaka gari likae sawa likiwa tupu, amekwisha kuila akiba kabla ya mzigo kufika. Mzigo ukija, mkia utazama chini, na pua itatazama mbinguni.

Na tela lina taabu yake zaidi ya mzigo wa bodini. Uzito wa mkono wa tela haukai juu ya ekseli ya nyuma. Hukaa nyuma yake, pale penye ndoano. Hapo gari huwa kama ubao wa bembea ya watoto. Chukua pikapu ambayo kutoka ekseli ya mbele hata ya nyuma ni mita 3, na kutoka ekseli ya nyuma hata ndoano ni mita 1 na sentimita 20. Mkono wa tela ukilemea ndoano kwa kilo 100, ekseli ya nyuma haipati kilo 100, bali 140. Na zile 40 za ziada zimetoka magurudumu ya mbele. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari, tena ndiyo yanayofanya kazi kubwa wakati wa kufunga breki. Ukiyapunguzia uzito, umelipunguzia gari utii.

Jirani yangu mmoja aliyajua hayo kwa kuyaona. Pikapu yake iliinuliwa mbele hata ikawa sawa kabisa, na watu wakaisifu. Usiku mmoja alikuwa akirudi na tela lenye mzigo, akipanda mlima wa Kitonga, mvua ikinyesha. Alinisimulia kwamba katika kona usukani ulikuwa mwepesi mno mikononi mwake, akikata kulia gari lakawia kufuata. Na madereva wa malori yaliyokuwa yakishuka walimwashia taa kubwa bila kukoma, naye alidhani wana ugomvi naye. Kumbe taa zake ndogo zilikuwa zikiwapiga machoni. Hesabu yake ni rahisi: katika gari la mita 3, kila tofauti ya sentimita 6 kati ya mbele na nyuma huupandisha mwangaza mita 1 nzima kwa umbali wa mita 50. Dereva wa lori aliyepofushwa katika mteremko wa Kitonga, nani atamzuia?

Basi nikamwambia mpwa wangu, "Hatutalipima gari kwa macho. Tutalipima kwa futi." Tulipima kutoka katikati ya gurudumu hata ukingo wa bodi ulio juu yake, gari likiwa tupu. Mbele tulipata sentimita 48, nyuma 54. Kisha tukafunga tela lenye mzigo wa kawaida, tukapima tena. Mbele ilikuwa imepanda hata 50, nyuma imeshuka hata 48. Tukaviandika vipimo vyote daftarini. Kijana mwenyewe akapiga hesabu: kama tungaliinua mbele kwa sentimita 6 kama alivyotaka, basi pamoja na tela mbele ingalikuwa 56 na nyuma 48. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, hiyo si pikapu tena, hiyo ni mashua."

Tulikubaliana kuinua mbele kwa sentimita 3 tu, na kuipa nyuma nguvu ya kustahimili tela. Gari langu ni la aina ya zamani ambayo kila upande wa mbele una fimbo ndefu ya chuma inayojipinda badala ya springi, nayo ina bolti ya kukazia. Fundi akikaza bolti, mbele hupanda. Hilux zilizoanza kutoka mwaka 2004 zina springi za mzunguko mbele. Hizo huinuliwa kwa kuwekewa kipande cha kuongeza kimo au springi ndefu zaidi. Angalia hapo: kipande cha sentimita 1 kikiwekwa juu ya springi chaweza kuinua gari karibu sentimita 2, kwa sababu mkono wa gurudumu ni mrefu. Kwa aina zote mbili, ukipita sentimita 5 hivi, vifundo vya ekseli za mbele na viungo vya mikono hukaa katika pembe mbaya na kuchakaa upesi. Na baada ya kuinua, hata kwa kidogo, magurudumu ya mbele lazima yapimwe na kunyooshwa upya, ama sivyo matairi yatalika upande mmoja.

Nyuma tuliongeza chuma kimoja katika kila springi. Yu-bolti za zamani hazikurudishwa. Tulinunua mpya, na baada ya kilomita 500 fundi alizikaza tena. Wengine hutia mifuko ya hewa kati ya chesisi na ekseli, nayo husaidia, kwa maana waweza kuijaza wakati wa mzigo na kuipunguza gari likiwa tupu. Lakini mtu asidanganyike. Chuma cha ziada na mfuko wa hewa huinua mkia tu. Havimrudishii gurudumu la mbele zile kilo 40, wala haviiongezei ekseli ruhusa ya kubeba zaidi ya ilivyoandikiwa na kiwanda. Kimo ni jambo moja, uzito ni jambo jingine.

Liko na jambo ambalo mafundi wengi hulisahau. Katika pikapu nyingi upo mkono mdogo unaounganisha ekseli ya nyuma na vali ya breki. Kazi yake ni kuhisi mzigo: mkia ukishuka, vali huruhusu breki za nyuma zifanye kazi zaidi. Ukiinua mkia, vali hudhani gari ni tupu, nayo hubana breki za nyuma hata kama nyuma kuna tani ya viazi. Mwambie fundi auweke sawa mkono huo.

Tena, msitafute dawa ya mkia kuzama kwa kuyasukuma magunia nyuma ya tela. Nimeona wengi wakifanya hivyo. Ni kweli mkia wa gari utainuka, lakini tela lisilolemea ndoano huanza kucheza mkia barabarani kama nyoka, na likianza hivyo katika mteremko, ni vigumu kulituliza. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mkono wa tela ulemee ndoano kwa sehemu 10 hadi 15 katika 100 za uzito wote wa tela na mzigo wake. Magunia mazito yawe juu ya ekseli ya tela na mbele yake kidogo. Gari likiinuliwa, ndoano nayo hupanda. Basi ishusheni mpaka tela likae sawa. Na tela lisilo na breki zake lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo. Hicho ndicho kipimo cha Hilux nyingi za siku hizi. Mwenye kutaka kuvuta zaidi, na atafute tela lenye breki.

Mwisho tulipima tena. Likiwa tupu, mbele 51, nyuma 56. Pamoja na tela lile lile, mbele 53, nyuma 52. Tofauti ni sentimita 1. Usiku tuliliweka gari na tela lake mita 5 kutoka ukuta wa ghala, tukashusha taa ndogo mpaka ukingo wa juu wa mwangaza ukawa sentimita 5 au 6 chini ya kimo cha taa zenyewe. Gari likiwa tupu lamulika karibu kidogo, lakini halimdhuru mtu.

Mpwa wangu bado asema gari limeinamisha kichwa likiwa uani. Ni kweli, limeinama. Lakini matope hayalikwaruzi tena, na likiwa kazini lasimama sawa, na kazini ndiko tulikolinunulia. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wewe mwenye pikapu, kabla hujampa fundi fedha zako, chukua futi, funga tela lako lenye mzigo, upime kwanza. Ukiisha kuviona vipimo vyako, utajua ni sentimita ngapi unazo za kutumia, na ngapi ni za mzigo.