Marhamu ya Joto

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya joto. Tuna vuguvugu la maji ya kuoga, fukuto la chumba kisicho na dirisha, hari ya mwili uliotoka juani, na moto wenyewe unaounguza. Mtu wa Tanga au wa Mombasa huyahitaji yote kabla ya adhuhuri moja ya Februari, wala halichanganyi hata moja. Lakini mwulize jina la ule ute mzito wa kijivu unaopakwa kati ya kichakataji cha kompyuta na bamba la shaba linalokipoza. Atanyamaza, au atasema, "Ile dawa." Makala haya yanahusu dawa hiyo na jina lake.

Haja ya neno ilinijia kupitia kompyuta mpakato ya mtumba niliyoinunua nilipostaafu. Naipenda istilahi hiyo, kwani kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Yangu, hata hivyo, ilikuwa imekoma kupakatika kwa jinsi ilivyochoma. Ndani yake nachapa tungo za marehemu mwalimu mwenzangu, madaftari manne ya mkono ambayo mjane wake alinikabidhi kabla wino haujafifia kabisa. Nilipofika daftari la tatu, mashine ikaanza kuzimika yenyewe kila baada ya dakika 20 hivi. Pensheni hainunui mashine mpya, na wino hausubiri.

Fundi kijana aliyeifungua aliniamkia, kisha akanionyesha kilichokuwa kati ya kichakataji na shaba: unga mkavu, mithili ya chokaa ya ukutani. "Mwalimu, dawa imekauka," akasema. "Hapa joto halipiti tena."

Alisema kweli. Nyuso mbili za madini, hata ziking'aa kama kioo, zina mashimo na vilima visivyoonekana kwa macho. Zikikutanishwa, hugusana kwenye ncha chache tu. Kwingine kote hujaa hewa. Na hewa ni kihami. Kwa kipimo cha wanafizikia cha mpitisho wa joto, shaba safi hupata takriban 400, ilhali hewa tulivu hupata 0.026. Kazi ya dawa ni kuifukuza hewa hiyo na kukaa mahali pake. Dawa yenyewe haiikaribii shaba. Nyingi huandikwa tarakimu moja au kumi na kitu. Kwa hiyo hupakwa nyembamba mno. Ikizidi, nayo hugeuka ukuta. Wanaotunga wataitambua kanuni hii katika viunganishi: "na" moja huunga, "na" tano hulemaza mshororo.

Uchaguzi ulikuwa wa namna nne. Ya kwanza ni dawa ya meno, ambayo wapo wanaoisifu. Hupoza kwa muda, kisha maji yake hukauka, ukarudi kwenye chokaa ile ile. Ya pili ni madini ya majimaji yenye galiamu, ambayo hupitisha joto kuliko zote. Lakini hupitisha umeme pia, tone likichuruzika huweza kuua ubao mzima, na tena galiamu huila aluminiamu. Madaftari ya marehemu hayastahili kamari hiyo. Ya tatu ni karatasi laini inayoyeyuka kidogo ikipata joto, kama ile ya Honeywell iitwayo PTM7950, ambayo hulainika kwenye nyuzi 45 hivi na kujaza mianya yenyewe. Ni nzuri kwa mpakato, ila fundi hakuwa nayo. Ya nne ni ute wa kawaida katika bomba la sindano, usiopitisha umeme.

Katika hiyo ya nne, nilijifunza kutoshawishiwa na tarakimu ya boksini pekee, maana kila kiwanda hupima kwa njia yake. Nilitazama uzito wa ute. Vichakataji vya mpakato aghalabu havina kofia ya chuma juu yake. Hupata moto na kupoa mara nyingi kwa siku, na kule kutanuka na kusinyaa huusukuma ute mwepesi nje taratibu. Nikachagua mzito. Fundi aliifuta chokaa kwa spiriti, akatoa vumbi kwenye feni, akapaka haba. Siku hiyo hiyo joto lilishuka kutoka nyuzi 97 hadi 72 kwa kazi ile ile. Nikaandika ubeti huu:

Moto hauna makazi, ukikosa pa kuhama,
Hurudi kwenye mzizi, na kuchoma yalo mema,
Paka dawa kwa ujuzi, vyuma vipate kusema,
Haba ndiyo yenye kazi, nyingi huleta lawama.

Sasa jina. "Gundi" haifai, kwani ute huu haugandishi kitu. Bamba hushikwa na skrubu. "Lahamu" inakaribia, lakini lahamu huyeyushwa kwa moto ikawa ngumu, nayo huunga moja kwa moja. "Rojo" lina umbo sahihi, ila linanukia jikoni. "Dawa" ya mafundi si uvivu wa lugha, kwa kuwa tuna dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya meno. Tatizo lake ni upana. Pendekezo langu ni "marhamu ya joto". Marhamu ni dawa ya kupaka juu ya kidonda. Neno limo katika lugha yetu tangu zamani kutoka Kiarabu, na limeanza kusahaulika. Hupakwa, huwa laini, hukaa juu ya uso wenye kasoro, na hutumiwa kidogo. Sioni istilahi mpya itakayobeba sifa hizo nne kwa pamoja.

Watakaopinga wana hoja moja nzito: marhamu hutuliza joto la kidonda, ilhali hii hulipitisha. Najibu kwamba joto linalopitishwa ndilo linalotulia. Linalozuiwa ndilo linalounguza. Mwenye neno bora kuliko hili na alilete, tulipime kwa mizani. Mimi narejea kwenye daftari la tatu. Zimebaki kurasa 31, na la nne halijafunguliwa.