SEHEMU YA 6: Siku baba anapong'arisha gari

 Akina baba mnaosoma kwa kuchungulia simu za wake zenu, leo zamu yenu.

Sehemu ya 5 tulimaliza mambo ya jikoni. Leo tunatoka uani, pale gari au bodaboda inapooshwa Jumapili asubuhi, watoto wamezunguka wanachezea povu. Mtaniuliza, nesi na polishi ya gari wapi na wapi? Subirini, nitafika. Ila lazima kwanza tuelewane kazi yenyewe inafanyikaje, maana ukimwambia mwanaume "usitumie hiki" bila kumwambia atumie nini, atakuitikia vizuri tu halafu ataendelea na yake.

Ukikaa Handeni unalijua lile vumbi letu jekundu. Toka Chanika uingie njia za vijijini kiangazi hiki, ukirudi hata rangi ya gari hukumbuki ilikuwa ipi. Ukikaa Korogwe, barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha inakupitia mlangoni, na jua la huku mnalijua. Lami ikilainika, au wakiwa wanaziba viraka, tairi zinairusha. Angalia chini ya milango, nyuma ya magurudumu, kwenye madigadi ya pikipiki: vidoa vyeusi vidogo vidogo, vigumu kama kokwa la embe. Sabuni haviisikii.

Vumbi na lami ndivyo vitu viwili vinavyotakiwa kutoka kabla ya polishi au waksi. Fundi rangi mmoja wa Korogwe alinielezea hivi, nikamwelewa: juu ya rangi ya gari kuna ngozi nyingine haina rangi, wao wanaiita klia, nyembamba kuliko unywele. Hiyo ndiyo inayong'aa. Ukipaka polishi huku mchanga bado upo, unaisugua ngozi hiyo kwa msasa. Gari litang'aa kivulini, ukilitoa juani unaona mikwaruzo ya duara imejaa kama utando wa buibui.

Kwa hiyo kuosha ndiyo kazi kubwa kuliko polishi yenyewe. Na hapo Handeni tunaponzwa na maji. Dumu linanunuliwa, kwa hiyo mtu anachovya kitambaa kwenye ndoo moja na kuanza kufuta vumbi likiwa kavu. Bora umwage maji ya kutosha kwanza, kuanzia juu kwenye paa kushuka chini, mchanga uondoke wenyewe bila kuguswa. Kisha sabuni ya maji laini, shampuu ya magari ukiipata. Sabuni ya unga ya kufulia ni kali, inakwangua waksi ya zamani na kuacha weupe kwenye maungio. Weka ndoo mbili, moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye gari. Tairi na rimu zina kitambaa chake, za mwisho. Kama maji hayatoshi wiki hiyo, osha tu, polishi iahirishe. Gari halitalia.

Fanya kivulini, bodi likiwa limepoa. Kausha kwa taulo laini, siyo fulana ya zamani yenye vifungo (nimeona hayo kwa macho yangu).

Ukishakausha, chukua nailoni nyembamba iliyofungia mkate, maana ile mifuko mingine tuliiaga tarehe 1 Juni 2019, ivalishe mkononi na upitishe taratibu juu ya boneti. Utashangaa. Bodi unaloliona safi utalisikia lina vipele kama ngozi ya mtoto mwenye harara. Hivyo ni vichembe vilivyonasa kwenye klia. Mafundi wanavitoa kwa kipande cha udongo maalumu, unateleza juu ya rangi iliyoloweshwa maji ya sabuni na kuvinasa. Ukidondoka chini unatupwa, umeshaokota mchanga. Na mama, udongo huo unafanana kabisa na ule wa kuchezea watoto, rangi nzuri, laini. Usiachwe kwenye kibaraza.

Sasa lami. Hapa ndipo ninapoingia mimi.

Huku kwetu lami inatolewa kwa mafuta ya taa, petroli au thina. Inatoka kweli, sikatai. Petroli na thina zinaumiza na rangi, hasa iliyopigwa upya, na zinakausha mipira ya milango, lakini hilo nawaachia mafundi. Langu ni chombo. Mafuta hayo yapo kwenye nini? Chupa ya maji ya kunywa. Ile ile ya lita moja au nusu, na lebo yake. Ndivyo tulivyozoea kununua, kuanzia mafuta ya taa ya kibatari mpaka petroli ya bodaboda kijijini. Baba anamimina kidogo kwenye kitambaa, anaiweka chupa chini pembeni ya ndoo, mfuniko juu ya tairi, anaendelea kusugua. Mafuta ya taa yakiwa kwenye chupa yanaonekana kama maji. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu amecheza juani, ana kiu, na chupa hiyo anaijua kwa sababu kila siku wewe ndiye unayemnywesha nayo.

Niliwahi kumpokea mmoja, mwaka mmoja na miezi kumi. Sitaji kijiji wala kituo. Baba alikuwa anatoa lami kwenye bodaboda ili aipige polishi, maana pikipiki inayong'aa inapata abiria, na hiyo ndiyo riziki yao, hakuwa anafanya anasa. Mtoto alipiga funda moja. Akapaliwa, akakohoa, akanyamaza. Bibi yake, kwa nia njema kabisa, akamtia kidole kooni atapike, kisha akampa kikombe cha maziwa "yaue sumu". Mtoto akachangamka, wakakaa naye. Jioni walipomleta alikuwa anahema zaidi ya mara 60 kwa dakika, pua zinapanuka, mbavu zinabonyea. Siku nne kwenye oksijeni. Mama yake alikuwa ananirudia neno moja tu, "Nesi, lilikuwa funda moja." Alipona, namshukuru Mungu. Siyo wote.

Nieleze kwa nini funda moja linatosha. Mafuta haya ni mepesi na yanateleza. Hatari yake kubwa haipo tumboni, ipo kwenye mapafu. Mtoto anapopaliwa, matone machache yanaingia njia ya hewa, yanatambaa na kuunguza mapafu kwa ndani. Ukimtapisha, unayapandisha tena yapite pale pale kooni, yapate nafasi ya pili ya kuingia. Maziwa hayaui chochote hapo, yanajaza tumbo na kumfanya atapike. Hata mkaa wa kusaga anaokushauri jirani hausaidii.

Kwa hiyo ikitokea: mwondoe kwenye mafuta, mvue nguo zilizolowa, muoshe ngozi kwa maji na sabuni. Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo hata kama anacheka, kwa sababu mapafu yanaweza kuanza kulalamika baada ya saa kadhaa, na sisi tutataka kumwangalia angalau saa 6. Njiani akae wima mikononi mwako. Akilegea au kusinzia, mlaze ubavu. Beba na chupa, imefungwa, tujue ni nini. Na mkiwa mnatafuta usafiri, funua kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwenye saa ya simu. Wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40 na kuendelea, anahema haraka. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Ukiona kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani akivuta hewa, usisubiri bodaboda ya bei nafuu, panda iliyopo.

Haya, baba, utatoaje lami? Mafuta ya kula. Ya alizeti, hayo hayo ya jikoni. Pakaza juu ya kidoa, acha dakika kumi, mafuta yanailainisha lami, futa taratibu kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Iliyokaa miezi inataka kurudiwa mara mbili tatu, na huwezi kuikwangua kwa ukucha wala kisu. Halafu osha sehemu hiyo vizuri kwa sabuni mpaka utelezi uishe, kwa sababu waksi haishiki juu ya mafuta. Inachelewa kuliko petroli, ndiyo. Utatumia labda vijiko vitatu vya chakula, mama asikununie.

Anayesema yeye bila mafuta ya taa haoni raha, basi yawe kwenye dumu lake la kudumu lenye mfuniko wa kukaza, limekaa juu, ndani, pamefungwa. Mimina kwenye kitambaa, funga, rudisha, ndipo usugue. Kitambaa kilicholowa kianikwe nje mbali na jiko la mkaa, na kisirudi kwenye kapu la nguo.

Kuna dada aliniuliza wiki iliyopita, mume wake anauza petroli ya chupa njia ya Korogwe na Handeni, zimepangwa juu ya kimeza barabarani, afanyeje na ana watoto wawili wadogo? Dada, mambo ya vibali mtamalizana na wenyewe. Mimi nakuomba mning'inize chupa moja tupu kwenye mti, wateja watajua mnauza, na petroli ikae kwenye dumu lililofungwa ndani, impimie mteja akishasimama. Na maji ya watoto yahamie kwenye vikombe. Chupa zile msizitumie tena kwa kunywea, hata mkiziosha, ili wakiona chupa isiwe kitu wanachokijua kwa kiu.