Nilizizika TV za Chogo Zikiwa Hai

Nimeuza na kutengeneza TV hapa Mpanda kwa muda mrefu, na kuna jambo wateja wangu wengi hawalijui hadi leo. Niliwaambia TV zao zimekufa wakati zilikuwa nzima. Sikukosea. Nilidanganya.

Ilikuwa kipindi cha kuzima mitambo ya analojia. Mwaka 2006 huko Geneva nchi nyingi zilikubaliana kwamba ifikapo tarehe 17 Juni 2015 matangazo ya TV ya ardhini yawe yamehamia dijitali. Tanzania haikusubiri hadi siku hiyo. Dar es Salaam ilizimiwa usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata kwa awamu. Kwetu Katavi, mkoa uliokuwa umeanzishwa mwaka huohuo, habari ilifika ikiwa imepindapinda. Sokoni wakasema chogo, zile TV za zamani zenye mgongo mkubwa, mwisho wake umefika, kila mtu atafute flati.

Mimi ndiye niliyepaswa kuinyoosha. Kilichobadilika ni namna mawimbi yanavyorushwa, na king'amuzi kazi yake ni kuyapokea, kuyageuza, kisha kuipa TV picha na sauti kwa zile nyaya tatu, ya njano, nyeupe na nyekundu. Hata matangazo ya serikali yalisema mwenye TV ya zamani anahitaji king'amuzi tu. Isitoshe, wengi huku tulikuwa tunatazama kwa ungo, na risiva za ungo nilizifunga mwenyewe kwenye chogo hizohizo. Siwezi kujitetea kwamba sikujua. Nilikuwa na mzigo wa flati kutoka Kariakoo, nimeuchukua kwa mkopo, na wakulima wa tumbaku walikuwa wameshalipwa.

Mama mmoja wa Makanyagio alikuja na mjukuu wake, chogo ya inchi 14 imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli.

"Mwanangu, hii bado itaonyesha?"

"Shikamoo mama. Hii ni ya analojia, itakuonyesha chenga tu. Ngoja uone."

Nikaichomeka kwenye umeme, nikaiwasha bila antena wala waya mwingine wowote. Chenga zikajaa kioo kizima na mvumo wake. TV nyingi za analojia zisizo na mawimbi hufanya hivyo, hata kama zimetoka kwenye boksi leo. Yeye hakujua, akaniamini. Nikampunguzia flati kidogo, chogo ikabaki kwangu.

Tukumbuke TV hizo watu walizipataje. Zanzibar ilikuwa na TV ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo vyake vya kwanza vikaanza. Kwa hiyo chogo nyingi nilizozipokea zilikuwa TV za kwanza katika ukoo, zimenunuliwa kwa magunia ya mahindi. Zile zenye picha nzuri nilizifungia king'amuzi, nikaziuza kwa wenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, vijijini. Ndiyo, zilezile nilizosema zimekufa. Zilizobaki nilizivunja, nikatoa shaba ya koili kwa wanunuzi wa skrepa, na vioo nikavitupa korongoni nyuma ya banda.

Hapo kwenye vioo kosa linazidi. Ndani ya chogo, miali ya elektroni inasukumwa kutoka shingoni hadi kiooni kwa umeme unaoweza kuzidi volti 20,000, na hapo huzalishwa eksirei. Ili isitoke ikamfikia mtazamaji, kioo kilichanganywa na risasi, na TV kubwa inaweza kuwa na zaidi ya kilo moja. Maadamu TV ni nzima, risasi hiyo imetulia ndani ya kioo. Ukiivunja ukaitupa, inaanza safari ya kuingia kwenye udongo na maji, na hudhuru ubongo wa watoto. Reli ya kutoka Kaliua ililetwa Mpanda, ikafunguliwa mwaka 1950, kwa sababu ya mgodi wa risasi. Wenzetu waliichimba ikaondoka kwa treni; mimi nimeirudisha korongoni ambako watoto wanachezea.

Mama wa Makanyagio alirudi baadaye. Mjukuu alikuwa amerusha rimoti, kioo cha flati kikapasuka, na kioo kipya bei yake ilikaribia ya TV nzima. Kile kioo kinene cha chogo kisingetikisika. Akaniuliza, "Ile yangu ya zamani bado unayo?" Nikamwambia niliitupa. Nilikuwa nimeiuza.

Sasa zimekuja TV smati, na nawasikia vijana wa maduka wakiwaambia watu flati zao zimepitwa. Mteja akinijia namgeuzia TV yake, namwonyesha tundu za nyuma. Ikiwa ina HDMI, kuna kisanduku kidogo kitakachoipa intaneti. Nauza kidogo kuliko zamani.

Yule mama nilimfuata nyumbani nikamweleza yote. Aliuliza niliiuza shilingi ngapi. Nikamtajia. Akasema, "Basi nipe hela yangu," nikampa, na hakunipunguzia hata mia. Wengine sikuwaandika popote. Kama uliniachia chogo miaka ile, njoo dukani udai haki yako. Na mwenye kujua namna salama ya kuviondoa vile vioo korongoni, aje pia; gharama ni yangu.