Lushoto bila gari, na watoto watatu

Kwa miaka minne jibu letu lilikuwa lile lile: "Tutakwenda Lushoto tukipata gari." Gari halikuja. Kilichokuja ni barua ya binti yetu mkubwa, kapangiwa kidato cha kwanza shule ya bweni. Januari anaondoka. Nikamwambia baba yao, basi mwaka huu tunapanda basi.

Watoto wa Tanga mjini wanaijua bahari, baridi hawaijui. Na milima ya Usambara iko mkoa huu huu! Tulitoka stendi ya Kange asubuhi, tukapita Muheza na machungwa yake, Segera, Korogwe, mpaka Mombo. Hapo barabara kuu inaendelea kwenda Same na Moshi, na ya Lushoto inaanza kupanda kupitia Soni. Ni kama kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, bonde upande mmoja na ukuta wa mwamba upande wa pili.

Mtoto wangu wa katikati alitapika kabla ya Soni. Mzazi mwenzangu, omba viti vya mbele, asubuhi mpe mkate mkavu badala ya chai ya maziwa, na ubebe kopo lenye mfuniko. Mifuko ya plastiki tuliyozoea ilipigwa marufuku 2019, na bahasha ya karatasi haihimili kazi hiyo. Nasema kwa uzoefu.

Mji wa Lushoto, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko mita zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa kwanza tulilala watano chini ya mablanketi yote ya chumba, na huo ulikuwa Desemba. Wanaokwenda likizo ya Juni wajue baridi ni kali zaidi. Asubuhi tulikwenda sokoni kununua masweta ya mtumba. Binti mkubwa akachagua la kijani lenye mikono mirefu kupita vidole vyake. Sokoni pia tulikuta plamsi, ndio msimu wake, tukanunua ndoo ndogo.

Siku hiyo tulitembea kwenda Irente. Ni kilomita kama sita kutoka mjini, njia pana, inapita kwenye nyumba za watu, migomba na mashamba ya maharage. Kwa mtoto mdogo hesabu saa mbili au zaidi, maana atasimama kwa kila kinyonga. Njiani kuna shamba la Irente, linalojulikana kwa jibini na mkate wake, pa kupumzika. Kisha unafika ukingoni na ardhi inakatika. Chini kabisa unaona nyika, mashamba ya mkonge na barabara kuu imekuwa uzi. "Tulipita pale?" mdogo akauliza. Hakuamini.

Alipoanza kulia amechoka nikamsimulia habari za Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Wasambaa aliyekaa Vuga, upande wa Soni, na enzi yake ikafika hadi pwani kwetu. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alimfuata huko kwa miguu. Mdogo akauliza kama Krapf naye alibebwa.

Kosa lilikuwa siku ya pili, na lilikuwa langu. Msitu wa hifadhi ya Magamba unalipiwa kiingilio na unaingia na mwongozaji, na ni haki yake, maana njia ndani ni nyingi. Tulipewa njia fupi na njia ndefu. Mwongozaji akamtazama mdogo, miaka mitano, akapendekeza fupi. Mimi nikataka ndefu. Nilikuwa nimeshajipangia picha: sisi watano juu kabisa, kabla mmoja hajaondoka.

Saa ya kwanza ilikuwa raha. Tuliona mbega wakiruka, mikia meupe ikining'inia. Halafu ukungu ukashuka, mvua ya manyunyu ikafuata, na viatu vya mdogo, raba za kuchezea uani, vikaanza kuteleza. Akanyamaza. Mtoto anayelalamika ana nguvu bado. Huyu alinyamaza na midomo ikawa inatetemeka. Baba yao alisema turudi. Mimi nikasema bado kidogo, tumeshalipa. Ndipo binti mkubwa akavua sweta lake la kijani, akamvalisha mdogo wake, akamfunga mgongoni kwa kanga yangu, akageuka kuelekea tulikotoka. "Mama, mimi nimeshaona. Turudi." Hakungoja jibu.

Tulirudi. Mwongozaji akatupitisha njia ya mkato hadi barabarani, na hapo tukagundua kosa lingine: hatukuwa tumeuliza gari la mwisho kushuka mjini linapita saa ngapi. Tulisubiri karibu saa nzima chini ya paa la duka la mtu, aliyetupa chai na hakutaka hela. Bodaboda zilikuwepo, lakini watoto watatu, mvua na mteremko ule, sikuthubutu.

Kwa hiyo ukipanga safari kama hii, anza na gari la mwisho, kisha urudi nyuma: saa ngapi mgeuke, hata kama hamjafika. Mwenyeji akisema "hapo tu", zidisha kwa miguu ya mtoto wako mdogo. Vaa viatu vyenye meno, beba nguo ya akiba ndani ya kitu kisichopitisha maji. Machi hadi Mei mimi nisingekwenda, udongo mwekundu ule ukilowa ni sabuni. Na tiketi ya kurudi Tanga ishughulikie jioni ya kabla, maana mabasi mengi huondoka mapema.

Siku ya tatu hatukutembea popote. Tulikaa barazani tukila plamsi, watoto wakishindana kutema mbegu.

Jana nimefunga tranka la bweni. Orodha ya shule inataka sweta la bluu, tumenunua. La kijani amelificha chini ya mashuka, akidhani sijaliona.